Mvua Nyingi, Maji Haba: Visiwa Vinne vya Komoro kwa Wawili Wanaopendana

WAWILI SAFARINI

Msimu wa harusi ukikaribia kuna ubishi mmoja unaosikika kila kona ya mji, tena unaanza kabla hata kadi za michango hazijasambazwa: fungate tukaile wapi?

Bibie anasema, "Mpenzi, mi nataka mchanga mweupe na maji ya buluu, basi." Bwana naye anajibu, "Sasa baby, siku saba tumelala tu kwenye mchanga, si tutachokana? Twende mlimani." Mwingine anataka msitu, mwingine anataka mji wa kale wenye milango ya nakshi. Mwisho wa siku mnaishia hoteli ileile waliyokwenda marafiki zenu, mnapiga picha zilezile, mnarudi.

Mwezi huu nawapeleka mahali ambapo ubishi huo hauna kazi, kwa sababu mlima na bahari ni kitu kimoja. Ni Visiwa vya Komoro, ambavyo wazee wetu wa pwani waliviita Ngazija. Viko kwenye mlango wa kaskazini wa Mlango-Bahari wa Msumbiji, kati ya Msumbiji na Madagaska. Kutoka Dar es Salaam mpaka Moroni, mji mkuu, ni kama kilomita 700 kwa mstari wa ndege. Yaani ni karibu zaidi kuliko Dar na Mwanza, lakini ni wangapi kati yetu wameshafika?

Kabla hamjafungua ramani niwaeleze jambo moja. Visiwa hivi si kama Unguja. Unguja ni ardhi ya chini, jiwe lake kubwa ni la matumbawe, ukisimama Jozani huoni kilele chochote. Komoro ni volkano nne zilizoota kutoka kwenye sakafu ya bahari iliyo chini sana, zikapanda mpaka vichwa vyake vikatokeza juu ya maji. Unachokiita kisiwa ni kichwa tu cha mlima. Kuanzia magharibi kwenda mashariki vimepangana hivi: Ngazidja, Mwali, Nzwani na Maore. Wafaransa waliviita Grande Comore, Mohéli, Anjouan na Mayotte. Ngazidja ndicho kichanga na Maore ndicho kikongwe.

Na kuna somo huko ambalo linawahusu wote wanaoanza maisha pamoja, hata wale ambao hawatapanda ndege. Somo lenyewe ni kwamba mvua na maji si kitu kimoja. Twendeni kisiwa kwa kisiwa mtanielewa.

NGAZIDJA: MVUA INANYESHA, MTO HAKUNA

Ngazidja ndicho kikubwa kuliko vyote, kina zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na sehemu kubwa yake ni mlima mmoja: Karthala, wenye urefu wa mita 2,361. Karthala si mlima uliolala. Ni moja kati ya volkano zenye harakati nyingi duniani, na juu kabisa ina kreta kubwa mno, yenye upana wa kilomita kama 3 kwa 4. Upande wa kaskazini kuna mlima mwingine mpole zaidi, La Grille, unaopita kidogo mita 1,000.

Sasa hapa ndipo pana maajabu. Mawingu yanayotoka baharini yakigonga Karthala yanapanda, yanapoa, yanamwaga mvua. Miteremko ya magharibi hupata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Dar es Salaam, pamoja na mafuriko yetu yote ya Jangwani, inapata kama milimita 1,100. Kwa mvua hiyo ungetegemea mito kila bonde, si ndiyo? Hakuna. Ngazidja nzima haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima.

Sababu ni ujana wa mlima. Lava ikipoa inabaki na matundu na nyufa, na kisiwa bado hakijapata muda wa kutosha wa kutengeneza udongo mzito wa kuziba nyufa hizo. Mvua ikinyesha inapita kama maji kwenye chujio, inazama chini kabisa, na huko inakaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya mwamba. Ukichimba kisima karibu na pwani unapata maji yenye ladha ya chumvi, na ukiyavuta kwa pupa chumvi inazidi kupanda.

Watu wa Ngazidja walitafuta dawa yao zamani: birika. Nyumba nyingi, hasa vijijini, zina tangi la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa. Hakuna mvua inayomwagika bure. Lakini mlima huo huo unaoleta mvua una hasira zake. Mwaka 1977 lava ilishuka ubavuni upande wa kusini-magharibi ikafunika kijiji cha Singani. Mwaka 2005 Karthala ulilipuka mara mbili, mwezi wa nne na mwezi wa kumi na moja, na safari hizo haikuwa lava iliyowatesa watu, ilikuwa ni majivu. Yalitua kwenye mapaa, yakaingia kwenye mabirika, na maelfu ya watu wakajikuta hawana maji ya kunywa wakati bahari imewazunguka pande zote.

Wenye miguu wanaweza kupanda Karthala. Njia zinazojulikana zinaanzia vijiji vya juu ya Moroni kama Mvouni. Wengine hupanda na kushuka kwa siku moja ndefu kweli kweli, wengine hulala huko juu. Mnaanza kwenye migomba na minazi, mnaingia msitu wa ukungu wenye miti iliyovaa kuvu na majani ya kila aina, kisha mnatokeza kwenye vichaka vifupi na mawe meusi. Ila kumbukeni, njiani hakuna kijito cha kuchotea. Kila tone mtakalokunywa mnalibeba mgongoni. Kama mnataka kumjua mwenzio vizuri, angalia anavyogawa chupa ya mwisho ya maji mkiwa bado saa tatu kufika chini.

Na asiyetaka mlima aelekee kaskazini, kwenye ziwa la chumvi la Niamawi. Ni kreta ya zamani iliyojaa maji, iko hatua chache kutoka baharini.

NYUMBA NI YA MKE

Kina dada, hapa tulieni kidogo. Ngazidja wana desturi ambayo inawashangaza wageni wengi. Mume akioa anahamia kwa mke, na nyumba ni mali ya mke. Ardhi ya ukoo nayo ina utaratibu wake uitwao manyahuli, unaorithishwa kwa upande wa kike, kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Haya yanatokea kwenye jamii ya Kiislamu, ya watu ambao ni ndugu zetu kwa lugha na kwa damu. Wangazija wako Zanzibar, wako Mombasa, wako Kariakoo.

Juu ya hapo ipo ile harusi kubwa, ada, ambayo mwanamume wa Kingazidja anatakiwa aifanye ili ahesabiwe mtu mzima kamili mbele ya wenzake. Wengine wanakusanya fedha miaka na miaka, wapo wanaofanya kazi Ufaransa nusu ya umri wao kwa ajili ya siku hizo chache za ngoma, dhahabu na karamu. Wapo Wakomoro wanaoitetea kwa moyo wote kwamba ndiyo inayowaunganisha, na wapo wanaouliza fedha zote hizo zingejenga nini. Sisi wa kamati za harusi, send-off na kitchen party hatuna ubavu wa kuwacheka.

NZWANI: KISIWA CHA MANUKATO NA MITO ILIYOONDOKA

Nzwani ni kidogo zaidi, kilomita za mraba 424, lakini kimebana watu wengi sana na miteremko mikali sana. Kilele chake, Ntringui, kina mita 1,595. Volkano yake imenyamaza muda mrefu, mvua imepata nafasi ya kuchonga mabonde marefu na kutengeneza udongo. Kwa hiyo tofauti na Ngazidja, Nzwani kilibarikiwa mito. Nasema kilibarikiwa.

Kwanza tuanze na raha. Kama unapenda pafyumu, umeshapaka Komoro mwilini bila kujua. Lile ua la njano lenye harufu nzito, ambalo kwetu Zanzibar tunaliita langilangi na bibi harusi anawekewa kichwani, ndilo uti wa mgongo wa manukato mengi ya gharama. Chanel No. 5, iliyotoka mwaka 1921, ina mafuta ya langilangi ndani yake, na kwa miaka mingi Komoro imekuwa kinara wa dunia katika zao hili. Mlangilangi ukiachwa unakuwa mti mrefu. Wakulima wanaukata kichwa na kuyapinda matawi ili wachumaji, ambao wengi ni wanawake, waufikie. Maua yanachumwa alfajiri, harufu ikiwa bado imo, na yanapikwa siku hiyo hiyo kwa mvuke mpaka mafuta yatoke.

Kupika huko kunachukua masaa mengi, na kwa miaka mingi moto wake umekuwa wa kuni. Ongeza watu wanaozaliwa na wanaotaka shamba la muhogo na ndizi, ongeza karafuu, ongeza mbao za kujengea. Msitu wa Nzwani umepanda mlima ukikimbia panga, mpaka sasa umebaki vipande vipande kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anaiogopa. Na mito nayo imeondoka. Zaidi ya nusu ya mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima katikati ya karne iliyopita, sasa inatiririka msimu wa mvua tu. Mvua bado ipo. Kilichopungua ni majani, mizizi na udongo laini uliokuwa ukiipokea ile mvua, ukaikalia, ukaitoa taratibu mpaka kiangazi.

Mnaona sasa? Ngazidja kina mvua bila mto kwa sababu ni kichanga. Nzwani kilikuwa na mito kikaipoteza.

Katika vile vipande vya msitu vilivyobaki anaishi kiumbe ambaye natamani kila mtu amwone mara moja maishani. Ni popo wa Livingstone, anayepatikana Nzwani na Mwali peke yake, dunia nzima. Ni mweusi, mabawa yake yakikunjuliwa yanafika kama mita 1.4, na huruka hata mchana, akizunguka juu ya bonde kama mwewe. Wamebaki kiasi cha popo 1,300 hivi. Wanapenda miti mikubwa ya miteremkoni karibu na maji, yaani pale pale ambapo mkulima anatafuta shamba. Popo huyu anakula matunda na kusambaza mbegu, kwa hiyo ukimfukuza umemfukuza mpanda msitu wa bure. Wapo wanavijiji wa Nzwani waliokubaliana na mashirika ya mazingira kuiacha miti ya popo isimame, nao wakasaidiwa katika kilimo chao. Huo ndio mpango wa maana. Huwezi kumwambia mtu mwenye njaa aheshimu popo.

Na kuna hili la bundi. Bibi zetu wamemfanya bundi nuksi, akilia juu ya paa watu hawalali. Komoro kila kisiwa kina bundi wake mdogo, asiyepatikana kingine chochote: wa Karthala, wa Mwali, wa Nzwani na wa Maore. Yule wa Nzwani alidhaniwa ametoweka kabisa, kumbe yupo, akaja kuonekana tena mwaka 1992. Visiwa vinaonana kwa macho siku ya mbingu safi, lakini kila kimoja kimelea mtoto wake.

Mkiwa Nzwani msikose mji wa kale wa Mutsamudu. Vichochoro vyake vitawakumbusha Lamu na Mji Mkongwe, na juu yake kuna ngome inayotazama bandari. Domoni nao, upande wa mashariki, ni mji wa zamani sana, na jina lake linahusika na kisa kinachofuata.

GOMBESSA, SAMAKI ASIYE NA HARAKA

Mtakumbuka Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Cameroon, Januari 2022, Komoro walipoifunga Ghana 3-2 na kuiondoa mashindanoni. Timu ile jina lake la utani ni Silikanti. Huyo ni samaki, na hadithi yake si mchezo.

Wanasayansi walimjua silikanti kwa mifupa iliyogeuka mawe tu. Walisema alitoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, enzi za dainosa. Desemba 1938 mmoja akavuliwa Afrika Kusini, na dada aliyekuwa akisimamia jumba la makumbusho la East London, Marjorie Courtenay-Latimer, akagundua kwamba hajawahi kuona samaki wa namna ile. Profesa J.L.B. Smith akamtambua. Ikamchukua Smith miaka 14 kumpata wa pili, na Desemba 1952 akapatikana Nzwani, upande wa Domoni. Smith akapewa ndege ya jeshi kwenda kumchukua. Wavuvi wa Komoro wakashangaa kelele zote hizo ni za nini, maana wao samaki huyo walikuwa wakimvua mara moja moja, wana jina lake, gombessa, na hawakumthamini kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi na haina utamu.

Gombessa anapenda Komoro kwa sababu ya milima yake. Miteremko ya volkano haiishii ufukweni, inaendelea kushuka wima chini ya maji, na kwenye kuta hizo za lava kuna mapango. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka na nyambizi ndogo pembeni ya Ngazidja, akawapiga picha za kwanza wakiwa hai kwao. Mchana wanajipumzisha mapangoni, kina cha mita 150 mpaka 250, usiku wanatoka kuwinda polepole. Hata Tanga kwetu wapo, walianza kunaswa kwenye nyavu mwaka 2003 na baadaye ikatengwa hifadhi yao.

Mwaka 2021 watafiti walihesabu mistari midogo kwenye magamba ya gombessa waliovuliwa Komoro, kama unavyohesabu duara za mti. Matokeo: anaweza kuishi karibu miaka 100, jike anakuwa tayari kuzaa akiwa na miaka kama 55, na mimba yake inachukua karibu miaka 5. Miaka mitano, shoga! Kwa hiyo wale mashangazi wanaouliza "mtoto lini" miezi mitatu baada ya harusi, waambieni mnasoma kwa gombessa. Lakini upande wa pili wa hesabu hiyo unatisha. Samaki anayechelewa hivyo kuzaa, ukivua wachache tu umemaliza kizazi kizima.

MWALI: WALIOAMUA KULINDA MAPEMA

Mwali ndicho kidogo kuliko vyote na kina watu wachache zaidi. Uti wa mgongo wake una mita 790 tu hivi, na bado umevaa msitu. Mito ipo, maporomoko ya maji yapo. Komba wenye ndevu waliofika zamani kutoka Madagaska wapo. Usije ukadhani ni pepo isiyoguswa, mashamba yanapanda huko pia, lakini Mwali bado kina akiba.

Mwaka 2001 eneo la bahari la kusini, pamoja na visiwa vidogo vya mbele ya Nioumachoua, lilitangazwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini humo, na vijiji vya pwani vikashirikishwa kusimamia. Mwaka 2020 UNESCO ikakiweka kisiwa hiki katika mtandao wake wa hifadhi za viumbe na watu. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita na watoto wao wachanga.

Kijiji cha Itsamia ndicho cha kulala. Kasa wa kijani wanapanda ufukweni kutaga karibu mwaka mzima, na kwa mwaka mmoja wanafika maelfu. Mnakwenda usiku na mwongozaji wa kijiji, hamna tochi kali, hamna flashi ya simu, mnakaa kimya. Kasa anachimba, anataga mayai zaidi ya mia, anafukia, anarudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto wanatoka. Wachache mno watafika ukubwa, na watakaofika watachukua miaka 20 au zaidi kabla ya kurudi kutaga. Wanakijiji walianza kuwalinda kasa hawa wenyewe, enzi ambazo majangili walikuwa wakija usiku kuchukua nyama. Ada mnayolipa pale inabaki mikononi mwa watu waliokesha.

MAORE: MKONGWE ANAYESHANGAZA

Maore ndicho mzee wa ukoo. Mlima wake mrefu, Bénara, una mita 660 tu. Volkano ikizeeka inalika na mvua na inazama kwa uzito wake, huku matumbawe yakiendelea kukua pembeni. Matokeo yake ni bahari tulivu ya kilomita za mraba 1,100 hivi, imezungushiwa ukuta wa matumbawe, moja kati ya kubwa duniani. Kila mtu alishaamini moto wake umekwisha.

Mei 2018 ardhi ikaanza kutetemeka. Ikatetemeka usiku na mchana kwa miezi, watu wakalala nje. Mei 2019 meli ya utafiti ikapata jibu: kilomita 50 mashariki, kwenye sakafu ya bahari iliyo mita 3,500 chini, kulikuwa na mlima mpya wa mita 800 hivi ambao miaka michache nyuma haukuwepo. Wakauita Fani Maoré. Kisiwa chenyewe kilisogea mashariki zaidi ya sentimita 20 na kushuka kidogo.

Sitaki niwafiche upande wa uchungu. Komoro ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, Maore kilibaki chini ya Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa wake kamili. Moroni bado inakidai. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kuvuka bahari ya kilomita kama 70 tu kati ya Nzwani na Maore, na watu wengi wamezama wakijaribu kuvuka usiku kwa mashua ndogo ziitwazo kwasa-kwasa. Humo wamo wake wanaowafuata waume, na wajawazito wanaotafuta hospitali. Desemba 2024 kimbunga Chido kilikipiga Maore kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na walioumia zaidi ni wale wa vibanda vya mabati. Wapenzi wanaokwenda kutazama matumbawe wajue wanapita juu ya maji gani.

SASA NINYI WAWILI

Turudi kwenye somo la mvua. Wanandoa wengi wapya wa mjini tuna mvua ya kutosha: mishahara miwili, posho, biashara ya pembeni. Ikifika tarehe 20 birika limekauka, na kila mmoja anamwangalia mwenzake kama mwizi. Ukichunguza hakuna mwizi. Wapo walio kama Ngazidja, ni wapya, bado hawajajenga udongo wa kushika kitu, hao dawa yao ni birika: kinga kabla haijagusa ardhi, siku ile ile ya mshahara. Wapo walio kama Nzwani, walikuwa na utaratibu mzuri, wakakata mti mmoja kwa ajili ya dharura, wa pili kwa ajili ya sherehe, wa tatu kwa sababu jirani kakata. Hao birika peke yake haliwatoshi. Wanatakiwa kupanda upya, na kupanda kunachukua miaka. Kaeni leo jioni, simu pembeni, mwulizane sisi ni kisiwa gani. Mkijibu tofauti msigombane, ndiyo mwanzo wa mazungumzo.

Na mkiamua kwenda, haya ya haraka haraka:

- Msimu: Mei mpaka Oktoba, wakati wa kusi, ni pakavu na pana ubaridi kidogo. Kashkazi huleta joto, mvua na mara nyingine vimbunga.
- Fedha: Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro, kama faranga 492 kwa euro 1. Bebeni euro taslimu, mashine za benki si nyingi.
- Lugha: Wanazungumza Shikomori, Kifaransa na Kiarabu. Maji kwao ni madji. Ongeeni Kiswahili taratibu, mtashangaa mnavyoelewana.
- Heshima: Ni nchi ya Kiislamu. Nguo za ufukweni zibaki ufukweni, na mapenzi ya hadharani muyaache chumbani.
- Afya: Mwoneni daktari kuhusu malaria kabla ya safari.
- Mlima: Karthala haupandwi bila mwongozaji, na ulizieni kwanza hali ya volkano.
- Maore: Ni taratibu nyingine za viza kabisa. Msidhani mkifika Moroni mmeshafika na huko.
- Maji: Hotelini Ngazidja ogeni kama wenyeji. Hayo maji mtu ameyakinga kutoka kwenye paa.

Kama bajeti haitoshi visiwa vyote, ushauri wangu ni siku tatu Ngazidja na nne Mwali. Bwana atapata mlima wake, bibie atapata bahari yake, na wote mtapata kasa.

Mwezi ujao tunarudi nyumbani, tutapanda Usambara kwa basi. Mpaka hapo, pendaneni na mkinge mvua.